Rilei ya Stebilaiza

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, si mtu wa kusahau. Nalisema hili kwanza kwa sababu kwa miezi kadhaa niliwaacha watu waamini kinyume chake, na yeye akaamini pamoja nao.

Anaishi Kihesa, Iringa. Kazi yake ni nyavu. Anazishona, anaziziba matundu, na anazitengenezea chubwi, vile vipande vizito vya risasi vinavyozizamisha majini. Wavuvi wa bwawa la Mtera wanamjua vizuri. Risasi anaitoa kwenye nyavu zilizochakaa, anaiyeyusha, anaimimina upya kwenye kalibu. Miaka mingi aliyeyushia kwenye jiko la mkaa. Mkaa hauna kipimo. Ukizidi, risasi inatoa moshi mbaya unaoumiza kichwa siku nzima, na ukipungua inaganda kabla kalibu haijajaa. Ndipo akapata chungu cha umeme kilichotumika, koili yake nzima ila kidhibiti joto kimeungua. Akanipigia simu Mbeya.

"Shemeji, wewe si fundi? Nitengenezee kitu cha kukiambia chungu hiki 'basi, inatosha'."

Nina banda la ufundi Mbeya mjini. Redio, pasi, televisheni, vyote vinapita mikononi mwangu. Lakini kwetu kazi yangu waliiita michezo ya waya, kana kwamba siku moja ningekua na kuiacha. Shemeji alikuwa wa kwanza katika ukoo kuniomba kitu cha kazi yake mwenyewe. Nilifurahi kupita kiasi, na nikaahidi kukifikisha Jumamosi ya wiki ileile, siku ya kipaimara cha binti yao, mbele ya watu wote.

Alhamisi nikaenda dukani. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Mbeya, anayewasalimia wateja wa Rungwe kwa Kinyakyusa kizuri kuliko cha watoto wetu. Nikamweleza ninachotaka, akaanza kupanga vitu juu ya kaunta. Kwanza kifaa chenyewe, kiboksi chenye namba nyekundu, unakiwekea joto unalolitaka. Halafu sensa ya waya ya kutumbukizwa kwenye chungu. Alinionyesha mbili, akanishauri nichukue yenye ala ya chuma, nami nikakubali. Halafu waya usioungua karibu na moto, na fyuzi.

Ikabaki rilei. Hiyo ni swichi inayowasha na kuzima koili kwa amri ya kile kiboksi. Ile ya kawaida ina vidole viwili vya chuma ndani vinavyogusana na kuachana. Umeme ukiwa mkubwa hutoa cheche, na cheche zikizidi vidole huweza kushikana moja kwa moja, kama vimechomelewa. Ipo nyingine ya kielektroniki, isiyo na vidole, inayofungwa juu ya bati la kupozea. Hiyo ndiyo iliyofaa kwa chungu kile, nami nilijua.

"Imeisha," mzee alisema. "Inakuja kutoka Dar Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa nimechelewa. Ninayo rilei nimetoa kwenye stebilaiza ya friji. Nitatumia hiyo."

Akavua miwani. "Mama, ile ya stebilaiza haikutengenezwa kuwaka na kuzima kila dakika. Siku moja itang'ata, haitaachia. Subiri Jumatatu."

Kulikuwa na wanaume wawili nyuma yangu wakisubiri kuhudumiwa. Maisha yangu yote ya ufundi nimeelezwa na wanaume mambo ninayoyajua, na siku ile masikio yangu hayakutofautisha mzee aliyekuwa akinitakia mema na wale wengine.

"Mzee, kazi hii naijua," nikamwambia. Akafunga vitu kwenye gazeti.

Jumamosi nilifika Kihesa na boksi langu limepakwa rangi ya kijani. Baada ya chakula watu walitoka uani kuangalia. Namba zikapanda, taa ikazima yenyewe kwenye joto nililoliweka, risasi ikatulia kwenye chungu inang'aa kama kioo. Wazee wakapiga makofi. Shemeji aliniuliza kama azime pia ukutani akimaliza kazi. Soketi ilikuwa ndani ya nyumba, jikoni kwa dada.

"Hakuna haja," nikasema. "Bonyeza hapa tu. Namba zikizimika, chungu kimezimika. Usihangaike tena."

Kifaa kilifanya kazi wiki kadhaa. Halafu siku moja mchana dada akanipigia simu analia, nikapanda basi la kwanza nililolipata. Mpaka tunapita Nyololo njiani nilikuwa bado namwomba Mungu macho ya shemeji yawe salama.

Yalikuwa salama, miwani yake ya kushonea ilimwokoa. Mkono wa kulia ndio ulioungua, na shavu kidogo. Mambo yalikuwa hivi. Kabla ya kwenda kula alibonyeza swichi, namba zikazimika. Kawaida yake, risasi ikishaganda, aliweka juu yake chubwi kuukuu zenye unyevu bado, zikauke taratibu chungu kinapopata moto tena. Siku ile aliporudi akaona majivu ya kijivu, uchafu wa risasi, yametanda juu, akadhani imeganda. Akaweka chubwi mbichi. Chini ya majivu risasi ilikuwa maji, tena ya moto kuliko siku zote. Unyevu ulipoigusa ikalipuka.

Usiku ule, yeye akiwa wodini, nilifungua boksi langu. Vidole vya rilei vilikuwa vimeshikana. Nilivitenganisha kwa bisibisi, vikakatika kwa sauti ndogo kama ya ukucha unaokatwa. Swichi niliyomwambia aiamini ilikuwa imezima namba tu. Koili iliendelea kuwaka wakati wote alipokuwa anakula.

Nikaitia ile rilei mfukoni.

Alipotoka hospitali nilikuwepo. Tulikaa kula, dada akimkatia nyama kwa sababu vidole vyake viwili havikujikunja tena.

"Sikuzima," alimwambia dada. "Ninaapa nilijiona nikizima, lakini itakuwa sikuzima. Marehemu baba alianza kusahau hivihivi."

Nilikuwa na tonge la ugali mkononi. Nikalichovya kwenye mchuzi, nikala.

Aliacha kazi ya chubwi, akabaki na kushona, polepole, kwa mkono uliobaki mzima. Chungu akampa mtu wa vyuma chakavu. Mimi nikarudi Mbeya, nikajiambia ni heri hivyo, hakitamuumiza mtu mwingine. Kisha dada akawa ananipigia simu. "Anaandika kwenye daftari kila anachokizima. Juzi amerudi kutoka stendi kuangalia pasi, na pasi hata haikuwa imechomekwa. Jana ameniuliza kama amenisalimia asubuhi."

Hapo sikuweza tena. Nikaenda Iringa bila kutoa taarifa. Nilimkuta barazani na wavu mapajani.

"Kamwene," akanisalimia Kihehe, anacheka. Nilimwamkia, nikakaa.

"Shemeji, siku ile ulizima."

"Nilizima nini?"

"Chungu. Ulikizima. Kifaa changu ndicho kilichoshindwa kukata umeme. Niliweka rilei isiyofaa, na niliambiwa kwamba haifai."

Aliuweka wavu chini. "Umejua lini?"

"Siku uliyolazwa."

Dada akatoka ndani kuangalia kuna nini. Naye akaambiwa. Akasimama mlangoni na kanga yake mdomoni.

"Kwa mkono huu sina la kukudai," shemeji akasema mwishowe. Sauti yake haikupanda. "Hata mkaa ungeweza kunichoma. Lakini ulikaa mezani kwangu, ukanisikia namwambia mke wangu akili zinaniacha. Ulikuwa unakula."

Nilisema nisamehe, akasema amesikia.

Daftari aliliacha wiki ileile. Dada ndiye aliyeniambia. Siku hizi anayeyusha tena, kwa mkaa, akimimina kwa mkono wa kushoto. Ananipokea vizuri, ananiuliza habari za Mbeya. Pasaka iliyopita nilikuwa kwao, umeme ukakatika nyumba yao peke yake. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye swichi kuu. Shemeji alinipita, akatoka nje, akampigia simu fundi mwingine wa hapo mtaani. Kijana yule alipofika, niliinuka kwenye kiti nikampisha apite na ngazi yake.