Sauti za Chumba cha Cherehani

Zamani neno likishatoka mdomoni lilikwenda zake na upepo na aliyelisema akalala usingizi wake, lakini siku hizi neno linakamatwa likiwa bado moto, linafungiwa ndani ya simu, na kukaa humo mpaka siku ya kumuumbua mwenyewe.

Profesa hakuwa profesa. Jina hilo alibandikwa na shangazi zake wawili akiwa bado mtoto wa kaptula, siku alipomwambia jirani mtu mzima kwamba redio yake haijafa, ila betri zimewekwa kichwa chini miguu juu. Alilelewa nyumbani kwa shangazi mkubwa, mshona nguo, katika chumba cha mbele chenye cherehani mbili za kukanyaga, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na kioo chenye ufa uliomgawa kila mteja katikati. Cherehani ya dirishani ilikuwa ya shangazi mdogo, aliyekuja kila asubuhi kutoka kwa mumewe mtaa wa nyuma. Huyo mume alikuwa fundi saa, mtu mpole kupita kiasi. Kazi yake ilikwisha siku watu walipoanza kuangalia saa kwenye simu, lakini kibanda alikifungua kila siku, akakaa ndani akifuta vioo vya saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.

Katika chumba kile watu walikuwa wanazungumza. Si mazungumzo haya ya sasa, mtu anakujibu huku macho yake yapo kwenye simu kiganjani. Mteja alikuja asubuhi kupunguziwa pindo akaondoka adhuhuri, na hilo pindo bado. Habari ikiingia pale ilipigwa pasi, ikakunjwa, ikawekwa. Haikuvuka kizingiti. Mwanamke aliweza kulia pale asubuhi, na mchana akapita sokoni uso mkavu, kwa kuwa alijua alichokisema kimebaki kule kwenye vipande vya vitambaa.

Profesa alikulia juu ya gunia la vipande hivyo, kitabu mapajani. Alikuwa na kichwa, hilo hakuna aliyelibisha. Akafika chuo kikuu, akafika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, ile wanayoiita ya heshima, ambayo mtu haipati kwa kufanya mitihani peke yake. Lazima abuni kazi yake mwenyewe, aitetee mbele ya jopo. Yeye akabuni mtambo wa kusikiliza watu wakizungumza na kuandika wanachosema. Wenzake waliojaribu jambo hilo walitumia taarifa za habari, ambamo mtu husoma polepole kama anayepimisha maneno kwenye mizani. Profesa alitaka usemi wa watu wenyewe, wanaokatizana, wanaocheka katikati ya neno. Wasomi wa siku hizi wanayaita hayo data.

Msimamizi wake, mhadhiri mwanamke asiyecheka ovyo, alimwambia, "Wazo zuri. Lakini kila utakayemrekodi lazima ajue na akubali. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

Kwa hiyo akaenda kuwaomba shangazi zake.

"Nataka kuwarekodi mkiongea. Ni kwa ajili ya chuo."

"Tukiongea nini?" aliuliza shangazi mkubwa, pini mdomoni.

"Chochote. Kama kawaida yenu."

"Ala!" Shangazi mdogo aliacha kukanyaga cherehani. "Kwa hiyo miaka yote hii unasomea umbea? Si ungebaki hapa tukufundishe bure! Rekodi, baba, rekodi. Sisi tuna siri gani?"

Mchana ule ulikuwa kichekesho. Simu ilipowekwa mezani, shangazi mkubwa alinyoosha mgongo, akatoa pini mdomoni, akasafisha koo. "Dada yangu mpendwa, je, umelionaje gauni hili?"

"Nimeliona, dada," alijibu mwenzake kwa sauti ya mtu aliyevaa kola inayombana. "Nalo kwa hakika linapendeza mno."

"Jamani, mbona mnaongea kama mko redioni?"

"Si umesema ni ya chuo? Unataka tukuaibishe?"

Rekodi ile haikufaa kitu. Hapo ndipo Profesa alipofanya alichofanya. Asubuhi moja alichukua simu yake ya zamani, akaiwasha, akaitumbukiza kwenye kopo la vifungo lililokuwa rafuni juu ya cherehani, akaaga. Jioni akairudia. Kesho yake tena. Muhula mzima ukapita hivyo. Alijiambia kwamba ruhusa ameshapewa, wamesema rekodi, na ruhusa haina siku. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Ili mtambo ufundishike, ilimbidi kwanza aandike mwenyewe yale yaliyosemwa, neno kwa neno, ndipo ulinganishe na kujisahihisha. Alikuwa akifanya kazi hiyo kwenye maabara ya kompyuta, vipokea sauti masikioni. Siku moja alifika mahali shangazi mdogo alipokuwa akimweleza dada yake jambo la ndani ya ndoa yake. Profesa alivivua vile vipokea sauti, akatazama ukutani kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkubwa wake. Haya zilimpanda mpaka masikioni. Kisha akavivaa tena akamalizia kuandika. Kipande kile kilikuwa na kelele nyingi za cherehani, na mtambo ulihitaji kuzoea kelele.

Siku ya utetezi aliwaalika wote. Shangazi mkubwa alishona magauni mawili ya kitambaa kimoja, lake na la mdogo wake, akageuza kola ya koti la fundi saa lionekane jipya. Wakakaa mstari wa pili. Fundi saa aliweka kofia yake magotini, akawa anaitikia kwa kichwa kila neno asilolielewa, yaani yote.

Profesa alianza na kipande alichokiandaa. Shangazi mkubwa alisikika akimwambia mteja mmoja kwamba zipu haina kosa, mwenye kosa ni yule aliyekuwa ndani ya zipu. Maneno yakajipanga ukutani kwa herufi kubwa. Ukumbi ukaangua kicheko. Mstari wa pili, shangazi mdogo aliinamia sikio la dada yake.

"Hayo ameyatoa wapi? Siku ile hatukuyasema hayo."

"Nyamaza kwanza," alisema mkubwa, lakini na yeye alikuwa ameacha kutabasamu.

Mtahini wa nje, mwanamume mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, aliinua kalamu. "Hiki umekiandaa, kijana. Mimi nataka nichague mwenyewe. Pale kwenye orodha ya vipande umeonyesha kiasi cha kelele. Tufungulie kile chenye kelele kuliko vyote."

Profesa akatazama. Alikijua. Akaipandisha orodha, akaishusha tena.

"Kuna tatizo?" aliuliza mtahini. "Au kelele zikizidi mtambo unashindwa?"

Angeweza kusema, "Hicho sikifungui." Basi. Wangempunguzia alama, angepata daraja la pili, dunia isingeanguka. Shangazi yake alikuwa amekaa pale mbele katika gauni jipya, na Profesa alimwona, wala hatasema hakumwona. Lakini daraja la kwanza lilikuwa karibu kiasi cha kulishika kwa mkono. Akajipa tumaini la kijinga: pengine mtambo utaboronga, uandike upuuzi mtupu, na sauti ile ya chini ipotee ndani ya mlio wa cherehani. Kijana aliomba kazi yake mwenyewe ishindwe, akabonyeza.

Cherehani ikanguruma ukumbi mzima. Chini yake ikaja sauti ya shangazi mdogo, na herufi zikaanza kutembea ukutani.

"Mume wangu anakula kama mtu anayetafuna changarawe. Halafu kule kunusa kwake kabla hajasema neno! Fff, fff, kama anatafuta panya."

Watu wakacheka. Fundi saa naye alicheka, kwa adabu.

"Usicheke, dada. Ni mtu mwema. Mkono wake hajawahi kuninyanyulia. Lakini jioni nikisikia anagusa komeo, moyo unanishuka mpaka miguuni. Tangu aliponioa mpaka leo. Nimekaa naye kama abiria aliyepanda gari lisilo lake na anaona haya kushuka."

Hakuna hata herufi moja iliyokosewa. Mtahini alivaa miwani, akasoma tena, akavua miwani, akapiga makofi, na ukumbi ukamfuata. Msimamizi peke yake hakupiga. Alikuwa anatazama mstari wa pili, walipokaa wanawake wawili wa kitambaa kimoja, na mwanamume aliyekuwa ameinama akitafuta kofia iliyomdondoka, akiitafuta muda mrefu kuliko inavyotafutwa kofia.

Kwenye ujia, msimamizi alimshika Profesa kiwiko. "Wale walikubali?"

"Walikubali, mwalimu."

Alimtazama usoni, akamwachia, akaondoka. Daraja la kwanza likatoka wiki hiyo hiyo.

Lakini siku ile ile, pale pale ujiani, fundi saa alikuja kumpa mkono kabla ya wote. Alianza kunusa, kama ilivyo desturi yake, akajizuia katikati. Pumzi ikamkwama pale puani. "Hongera, mwanangu," alisema. "Mashine yako ina masikio." Akamtikisa mkono vizuri, kwa heshima, kama anavyotikiswa mgeni. Shangazi mdogo alikuwa ameshatoka nje, anatembea peke yake kwenye jua.

Shangazi mkubwa ndiye aliyebaki. "Ulituambia mara moja," alisema. "Ile siku ya kucheka."

"Nisamehe, shangazi."

"Ifute."

"Haifutiki, shangazi. Ile rekodi iko chuoni, wengine watafundishia mitambo yao. Na mtambo wangu umeshajifunza. Siwezi kutoa sauti ya shangazi mdogo nikaacha nyingine."

"Kitu gani hicho kisichofumulika? Mimi nimefumua hata gauni la bibi harusi, amelivaa."

Profesa hakuwa na mahali pa kuweka macho.

Akapata kazi haraka, chumba cha kupanga, na kiti kinachozunguka. Alirudi mara mbili tatu kuwasalimia. Hawakumfukuza, afadhali wangemfukuza. Walimletea kiti. Tangu azaliwe hajawahi kuletewa kiti katika chumba kile, mahali pake ni juu ya gunia, na gunia lilikuwepo pale pale. Wakamuuliza hali ya kazi, naye akajibu, kila mtu akatafuta la kuongeza akakosa. Walimwita "bwana". Wateja waliokuwemo walilipa wakaondoka. Mara ya mwisho aliyokwenda, alisikia kicheko cha shangazi mkubwa kutoka barabarani, akasimama nje ya mlango mpaka kikaisha, akageuza njia.

Shangazi mdogo na mumewe aliwaona mara moja tu baada ya hapo, na ndiyo mara ya mwisho. Ilikuwa mchana, karibu na geti la hospitali ya macho. Walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha ukuta, fundi saa ameziba jicho moja kwa pamba, na mkewe amemshika mkono wa koti, anamweleza jambo. Alikuwa anaeleza kwa mikono na mabega, kama alivyozoea kueleza kule dirishani, na mzee ameinama kumtegea sikio, anatabasamu.

Profesa alisogea. "Shikamooni."

Shangazi mdogo alifunga mdomo.

"Marahaba," alisema fundi saa, kwa niaba ya wote wawili.

Wakabaki wamesimama, wanamsubiri apite. Akapita. Alipofika mbele aligeuka kidogo, akaona bado wamenyamaza, mkono wa shangazi uko pale pale kwenye koti, macho yao yanamsindikiza, wanangoja afike kwenye kona ndipo waendelee.