Ukurasa wa Mwisho wa Mama Nukta

Kazi yetu ni kufufua vitabu vya marehemu. Mwandishi akishafariki na miaka ya haki zake ikaisha, kitabu chake kinakuwa mali ya umma, na yeyote anaweza kukichapisha upya, hata bosi wetu, mtu ambaye kununua balbu kwake ni mpaka giza limuumize yeye mwenyewe. Tuko vyumba viwili juu ya duka la viatu. Ngazi zile zimenimaliza magoti.

Mama Nukta ndiye mpiga chapa na msahihishaji wetu. Tunafanya kazi wawili: mimi nasoma nakala ya zamani kwa sauti, alama zote nazitaja, yeye anafuata kwenye karatasi mpya na kalamu nyekundu mkononi. Miaka thelathini ya "mkato" na "nukta" humwingia mtu mwilini. Siku ya kumzika mumewe alisimama kusoma wasifu: "Alikuwa mtu mpole mkato mwenye subira nukta." Waliokuwa wakilia wakaangua kicheko, na jina likamganda mpaka leo.

Ana binti mmoja. Waligombana miaka kumi na tisa iliyopita, binti akaondoka na begi moja, na hajarudi wala kupiga simu. Ufunguo wa akiba uko kwa jirani, asije akarudi akakuta pamefungwa. Kila jioni Mama Nukta humuuliza jirani kama kuna mtu aliyekuja. Mimi nimechoka kulisikia swali hilo, sembuse yeye anayeliuliza.

Mwaka uleule wa ugomvi tulichapisha riwaya moja ya zamani, ya mama anayemsubiri mwanawe. Nakala pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa imeliwa na mchwa, karatasi ya mwisho haipo. Bosi alitaka tuandike kwamba ukurasa umepotea, basi. Mama Nukta akaja asubuhi moja na ukurasa uliopigwa chapa, akasema ameupata kwenye nakala ya mtu. Ndani yake mwana anabisha hodi, mama anafungua, haulizi alikuwa wapi, anauliza tu, "Umekula?" Watu waliupenda ukurasa ule kuliko kitabu chenyewe. Dada yangu, ambaye hasomi hata maelezo ya dawa, aliusoma akalia.

Mwezi huu mtunza maktaba mmoja alikuwa akipanga stoo yake, akakuta nakala nzima, kavu, haijaguswa hata na panya. Bosi akataka toleo jipya lililosahihishwa. Nilisoma siku tatu mpaka koo likakauka. Siku ya nne nikafika karatasi ya mwisho.

"Mama akasubiri mpaka moto ukazimika nukta," nikasoma. "Akaondoa sahani ya pili mkato akaiosha mkato akaiweka kabatini nukta Hakuitoa tena nukta."

Nikageuza karatasi. Nyuma palikuwa patupu. Hapakuwa na hodi wala mwana.

"Mama Nukta, ile nakala ya mtu uliipata wapi?"

"Hapakuwa na nakala," akasema, macho kwenye karatasi yake. "Niliandika mwenyewe. Nilitaka arudi, hata kama ni kitabuni."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Miaka yote hiyo nimeusifia ukurasa ule mbele za watu! Kisha nikaona ameifunika karatasi kwa mikono yote miwili, hasira ikanitoka, nikabaki namhurumia.

"Maji yakimwagika hayazoleki," nikamwambia. "Tuuache. Watu wameuzoea, na mwandishi hawezi kufufuka aje kutudai."

"Ndiyo maana. Marehemu hana wa kumtetea ila sisi, mdogo wangu, na mimi nimemsingizia maneno. Nimechoka kuubeba uongo huu. Soma tena, polepole."

Nikasoma tena. Akachukua rula, akaukata ukurasa wake kwa mstari mmoja mwekundu, kona hadi kona, kama anavyokata makosa ya wengine. Alipofika kwenye "Umekula?" kalamu ikasimama. Machozi yakadondokea karatasi, na mimi nikashindwa hata kumtolea leso. Kisha akamalizia mstari.

Jioni nilimsindikiza kwake. Jirani alikuwa kibarazani anakunja nguo. Alipotuona akainuka, akaingia ndani, akatoka na ufunguo, labda kwa jinsi alivyouona uso wa Mama Nukta. Nami nilidhani Mama Nukta amekuja kuuchukua. Ningekuwa mimi ningeuchukua.

"Leo kuna mtu aliyekuja?" Mama Nukta akauliza.

"Hakuna, dada yangu."

Akautazama ufunguo kwenye kiganja cha jirani, akakifumba kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Haya. Kaa nao. Kesho nitapita tena."