Shanta Iliyopakatwa Hadi Nimule

Siku hizi abiria wanasukumana mlangoni mwa basi, kila mmoja na karatasi yenye namba ya kiti, na namba hiyohiyo anayo mwenzake. Celestino Lomoro hakuwa na karatasi. Alikuwa na mstari.

Aliporudi Juba kutoka uhamishoni Uganda, mwaka 1973, alipewa kazi ya kupanga abiria wa basi la Nimule, lililoondoka kila Jumamosi. Aliyetaka kusafiri alikuja Ijumaa, akaweka kitu chake kwenye mstari: jiwe, kibuyu, ndara moja, kigoda. Kisha akaenda zake. Kile kitu ndicho kilichokuwa mtu mwenyewe. Kwa miaka miwili hakuna jiwe lililosogezwa. Mwenye kuchelewa, kitu chake kilipandishwa kitini, naye akalikimbilia basi darajani, ambako polisi hawakuwa na haraka na mtu.

Ijumaa moja akatokea khawaja, yaani Mzungu, kijana aitwaye Dieter, ndevu kama katani, aliyekwisha kuvuka nchi kumi na moja kwa mabasi na malori. Celestino akamweleza utaratibu. Khawaja akaiweka shanta yake ya mgongoni kati ya jiwe na kigoda.

"Hii ni mimi?" akauliza, kwa Kiswahili cha kijitabu.

"Ni wewe kabisa. Nenda ukalale."

Khawaja akaamini kupita kiasi. Akatia na pasipoti ndani ya shanta, ili awe kamili, na alfajiri akaenda kupanda mlima wa Jebel Kujur kutazama jua likichomoza.

Wakati wa kuondoka hakuonekana. Celestino akaiketisha shanta kiti cha tisa. Mara akafika Goretti wa mtaa wa Hai Malakal, anahema, hana jiwe wala kibuyu. Mama yake alikuwa anavuka mpaka siku hiyo, anarudi nyumbani baada ya miaka kumi, macho yameshapungua nguvu, na hana wa kumpokea. Viti vimejaa.

"Mzee Celestino, toa huo mzigo nikae."

"Si mzigo. Ni mtu, na aliwahi kuliko wewe."

"Mtu gani huyu? Makalio yake yako wapi?"

Abiria wakacheka. Celestino hakucheka. Akimtoa huyu, Jumamosi ijayo nani ataacha tena jiwe lake? Lakini huyo mama aliwahi kulima naye mihogo uhamishoni.

Goretti akaitazama shanta juu hadi chini. "Basi ni mtu mfupi. Katika basi lako watoto si hupakatwa?"

Celestino akaipima kwa mikono. Kweli, haikufika kimo cha mtoto wa miaka sita.

"Mpakate," akaamua. "Na usimwegemee."

Yaliyofuata aliyasimulia dereva. Darajani, nusu ya abiria walibembeleza kwa kukosa karatasi za kusafiria. Shanta ilikuwa na pasipoti. Polisi akatazama picha, akatazama shanta.

"Ndevu zimekwenda wapi?"

"Amenyoa," Goretti akajibu. "Joto."

Huko Nimule afisa akagonga muhuri: ametoka Sudan. Goretti akavuka nayo, akampokea mama yake. Alipotaka kurudi na shanta, afisa akakataa: haikuwa na viza ya kuingia. Ikabaki ng'ambo, upande wa Uganda, dukani kwa mwanamke aitwaye Ketty.

Adhuhuri ile khawaja alishuka Jebel akiwa mwekundu kama pilipili.

"Basi langu liko wapi?"

"Umeshaondoka," Celestino akamwambia. "Ulikaa kiti cha tisa."

"Lakini mimi niko hapa."

"Ndiyo shida yenyewe."

Wiki nzima khawaja alilala kwa Celestino, na Celestino hakupata usingizi. Katika mstari wake hakuwahi kuachwa mtu. Lakini huyu alikuwa ameshatumia kiti chake, na khawaja bila pasipoti asingevuka hata daraja. Jumamosi Celestino akampandisha kwenye paa la basi, akamlaza kati ya magunia ya mtama, akamfunga kifundoni kipande cha boksi kilichoandikwa: *Dieter, Nimule ng'ambo, dukani kwa Ketty.*

"Nani yule juu?" polisi akauliza darajani.

"Mzigo wa yule mfupi wa Jumamosi iliyopita," dereva akasema.

Polisi akakumbuka, akainua kizuizi.

Dereva aliporudi alileta habari moja tu: mzigo umemfikia mwenyewe, hauna mchubuko. Celestino akaitikia kwa kichwa, akashika fagio na kuanza kufagia mahali pa mstari, maana Ijumaa ilikuwa inakaribia.