Sheria ya Tisa ya Mdahalo

Niliporudi Iringa kutoka Kampala, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa na diploma ya ualimu ndani ya fremu ya kioo. Sijisifu bure. Baba yangu alilima viazi kwenye mteremko ambao hata mbuzi waliteleza, na ada yangu niliitafuta mwenyewe kwa kubeba magome ya miti ya miwati. Katika shule ya kati niliyopangiwa hapakuwa na mwingine mwenye karatasi kama ile, wala aliyejua mdahalo wa wawili ni kitu gani.

Walizoea mijadala ya makundi, mjanja mmoja akisema na wanane wakipiga makofi. Mimi nilileta wa mmoja kwa mmoja. Nilipiga taipu sheria nane, miongoni mwao: mada hubaki kwenye bahasha iliyofungwa hadi saa moja kabla, upande huamuliwa kwa kuvuta karatasi, hakuna kumtukana mpinzani, sharti umtazame usoni, na sharti ujibu kila hoja yake. Asiyejibu hoja tatu ameshindwa.

Mkaguzi wa shule alizipenda. Akasema atakuja kusikiliza mdahalo kati ya mwanafunzi wangu wa darasa la nane na mmoja kutoka Mbeya, na mshindi atamwandikia barua ya kuingia darasa la tisa. Nafasi ilikuwa moja tu. Mwanafunzi wangu hakuwa na njia nyingine. Bila barua ile angerudi kulima. Sikuwa na wasiwasi naye. Alikuwa akiuliza swali, unajikuta unatafuta pa kuweka mikono.

Mwalimu wa Mbeya ndiye aliyenitia wasiwasi. Kwanza aliandika barua ya upole mno, akiomba habari za mshindani wangu, wazazi wake na koo zao, "ili nimtambulishe vizuri mbele ya watu." Nikamjibu yote, kurasa mbili. Kisha siku ya mdahalo akashuka kwenye lori na gunia la mchele wa Ubaruku.

"Zawadi ya jikoni, mwalimu mwenzangu," akasema.

"Jikoni kwetu kuna unga," nikamjibu. Gunia nikalifungia ofisini, nikaichunguza bahasha ya mada kwenye mwanga wa dirisha. Gundi ilikuwa haijaguswa. Hata hivyo nilitia humo mada nyingine.

Asubuhi hiyo mpishi alikuwa amepika nyama ya mbawala. Mimi nilikuwa mlangoni mwa bwalo nikitazama mikono ya watu. Nikamwona kijana wa Mbeya akisogeza nyama yake yote, bila kuonja, kwenye sahani ya mwanafunzi wangu. Wakanong'ona. Mwanafunzi wangu akaacha kula. Halafu, jambo ambalo sikulielewa, akainuka kwenye benchi, akachuchumaa na kumwamkia yule kijana kama anayemwamkia mtu mzima.

Wamekwishamnunua, nikajiwazia. Kwa nyama!

Mada ilikuwa kama kijana asome kwanza au ajifunze kazi ya mikono. Kijana wa Mbeya akatangulia, akasema kwa kujiamini, tena alimnyooshea mwenzake kidole kama mzazi. Zamu ya mwanafunzi wangu ilipofika, alitazama sakafu.

"Aliyetangulia amesema vema," akaanza. "Mimi naomba kuongezea kidogo."

"Kuongezea!" mtu akapiga kelele nyuma. "Hukuja kuongezea, mpinge!"

"Amemeza ulimi pamoja na ile nyama," mwingine akadakia, ukumbi ukaangua kicheko.

Hakujibu hoja hata moja. Nikachukua karatasi, nikaandika kwamba mshindani wangu amepatana na mpinzani wake, na kwamba mimi, mwenye sheria, siwezi kumtetea. Nikampa mkaguzi. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Barua ikaenda Mbeya.

Nilimwita ofisini. "Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu, Mwalimu."

"Nyama je?"

Nikamwambia atoke.

Baada ya siku tatu akaja mama yake na kuku mwekundu kwapani.

"Kamwene, Mwalimu. Nimekuja kukushukuru. Umenikutanishia mtoto na mjomba wake."

"Mjomba gani?"

"Yule wa Mbeya. Si hali mbawala? Sisi wa ukoo wetu kule Usangu hatumli. Mwanangu anajua, hata nyumbani mimi huwa simli. Akamuuliza ukoo, wakaelewana. Ni mdogo wangu yule, mtoto wa baba mdogo. Umri wao mmoja, lakini mjomba ni mjomba. Angempingaje mbele ya watu?"

Kuku alikuwa akinitazama. Mimi mtoto wa milima hii hii, niliyekua nikijua kila ukoo na mwiko wake, nilikuwa nimeandika sheria nane na katika zote sikuuliza mtu ni nani kwa mwenzake.

Nilipanda baiskeli siku hiyo hiyo hadi kwa mkaguzi, nikafuta maneno yangu kwa kinywa changu. Alinisikiliza vizuri. Nafasi, akasema, imekwishajazwa. Mwanafunzi wangu alirudi kulima, na nilipokwenda kumwomba radhi aliniamkia kwa heshima ile ile, akanipa viazi vya kubeba.

Sheria ya tisa niliiandika jioni hiyo: kabla ya kuvuta karatasi, washindani waulizane koo zao. Tangu hapo imetumika kote nilikofundisha.

Lakini baadaye nilitoa faili na kuisoma tena barua ya yule mwalimu wa Mbeya, pale alipouliza koo za wazazi. Kati ya vijana wote wa shule yake, alimleta yule asiyeweza kupingwa na mwanafunzi wangu. Gunia la mchele nililipekua siku ile hadi chini. Barua ile niliijibu mwenyewe, kurasa mbili, kwa mwandiko wangu mzuri.