Mlango wa Baba na Wakulima wa China

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya China, wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Bariadi huanza kupiga miayo, nami hukasirika. Nawaambia Wakomunisti wale walikuwa wachache, wamefukuzwa, wamezunguka milimani na njaa, na bado walilishinda jeshi la serikali lenye ndege na mizinga. Walishinda kwa sababu wakulima waliwafungulia nyumba. Wakulima walitaka ardhi, nao waliahidiwa ardhi. Kisha nawapa habari ya milango, na hapo miayo hukoma.

Habari hiyo niliipata kwa baba kabla sijaikuta kitabuni. Aliisikia ujanani, kule Ngulyati, kwenye darasa la jioni la watu wazima. Wanajeshi wale walipolala kwa mkulima waliazima milango, wakailaza chini iwe vitanda, na asubuhi kabla ya kuondoka kila mlango ulirudishwa kwenye bawaba zake. Baba aliipenda mno. Alikuwa mtu wa kuamini, na mtu wa kuamini ni mzigo nyumbani.

Basi ilipokuja amri ya serikali ya kuhamia kijiji cha ujamaa, wenzake waligombana na mgambo. Baba aling'oa mlango wake wa mninga, akaufunga kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akahama bila neno. Nyumba ikabomolewa nyuma yake. Kijijini alijenga nyingine, akaitia mlango wa bati. Ule wa mninga aliuegemeza ukutani chumbani, bawaba zimeviringishwa kwenye kitambaa, ukingoja siku ya kurudishwa. Mama aliutundikia khanga. Sisi watoto tulikatazwa kuugusa.

Kule mahame, alikohama baba, ilibaki minyaa tu, iliyokuwa ua wa nyumba na zizi, ikiendelea kukua bila ng'ombe wala watu. Kila msimu, kabla ya kupanda pamba, baba alikwenda kumwaga pombe kidogo ya mtama kwa ajili ya baba yake na babu yake waliozikwa humo.

Mwaka jana miguu ilimkataa. Nilikuwa nimekaa naye nikisahihisha mitihani, akauliza wanafunzi wanasoma nini. Nikamwambia China. Akainuka kwenye mto.

"Ng'wanawane, mwanangu, wale wakulima, ardhi walipewa?"

"Walipewa, baba. Waligawiwa mashamba ya matajiri."

"Wakakaa nayo?"

Ningeweza kudanganya. Ualimu umeniharibu, nikamjibu kama niko darasani: walikaa nayo miaka michache, kisha ikakusanywa, ikawa ya wote, wakawa wanakwenda kulima kwa kengele. Akajilaza tena kwenye mto.

"Huo mwisho hawakutuambia," akasema. Halafu: "Nikifa, nirudisheni kwenye minyaa."

Likawa ndilo neno lake pekee. Alipofariki, pamba ikiwa inavunwa, nilikwenda mwenyewe kwa mtu anayelima mahame sasa, mwenye shamba. Ni mzee mpole, aliyegawiwa eneo lile na kijiji baada ya yeye naye kuhamishwa kwao. Alinipa kiti na pole ya kweli.

"Mwalimu, baba yako nilimheshimu. Nilimwacha apite na kibuyu chake miaka yote. Lakini makaburi ya zamani yameshasawazika. Likikaa jipya, wajukuu zako watawaambia wajukuu zangu shamba ni lao. Wewe unajua, na mimi najua."

Nilipandwa na hasira, ingawa alisema kweli. Kwetu kaburi lina nguvu kuliko hati. Kaka zangu nyumbani walikuwa wameshaanza kuyazungumza hayo hayo ya kulidai shamba, chini chini, maiti ikiwa bado ndani.

Tukamzika kijijini, kwenye udongo asioupenda. Iliniuma, na inaniuma.

Baada ya matanga niliupakia mlango kwenye guta la magurudumu matatu, nikaupeleka mahame. Mwenye shamba alikuja kunisaidia kuushusha. Huo hakuukataa.

"Mlango haudai shamba," alisema.

Tuliubeba, yeye mbele mimi nyuma, tukaingia ndani ya minyaa. Mle ndani kulikuwa na mabua ya pamba tupu, mstari kwa mstari. Akasimama, akageuka.

"Nyumba ilikaa upande gani, tuuweke?"

Sikujua. Mimi nilizaliwa kijijini.