Programu za Jamaldini na Sketi ya Kompyuta

Jamaldini alikuwa fundi redio kabla hajawa fundi kompyuta, na ukimuuliza alisomea wapi atakujibu, "Nilisomea kwa kuharibu." Hatanii. Kompyuta ya kwanza aliyoifungua pale Sakina, alipoifunga alibaki na skrubu tatu mkononi, na mashine ikawaka vizuri tu. Zile skrubu akazitia mfukoni, akaona kumbe inawezekana.

Hiyo ni miaka ile ambayo kompyuta za mtumba zilianza kuingia Arusha kama viatu. Kila aliyepata nafasi barabarani alifungua duka, akaandika mlangoni: tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti. Jamaldini akawa daktari wao. Lakini dawa zake hazikuwa waya wala bisibisi. Shingoni alivaa flashi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, na humo ndani alikuwa na programu ndogondogo zipatazo arobaini, alizozikusanya moja moja kama mtu anayekusanya mbegu.

Na alipenda kuzipendekeza, jamani! Humwambii "habari za leo" akakujibu "nzuri" mkaachana. Atakuuliza, "Kompyuta yako ina kitu cha kufungulia mafaili yaliyofungashwa? Huna? Ipo moja, inakupa siku arobaini za kujaribu, na zikiisha inakukumbusha kwa adabu tu, haikufukuzi." Mimi nilikuwa nauza viatu mkabala na maduka hayo. Siku moja alinisimamisha nusu saa kunieleza programu ya kupunguza uzito wa picha.

"Fundi," nikamwambia, "mimi sina kompyuta."

"Utakuja kuwa nayo. Shika jina lake tu."

Kusema kweli ushauri wake ulikuwa mzuri. Alisema weka programu moja ya kukamata virusi, usiweke mbili, kwa sababu mbili zitagombana kama wake wenza kwenye jiko moja. (Mwenyewe ana mke mmoja, Arafa, wa kata ya Sokon I, na sijasikia kwamba aliwahi kuthubutu kutaja wa pili.) Alisema weka ya kufagia takataka, ifagie kila Ijumaa. Weka ya kufufua kilichofutwa, na uiweke kabla hujafuta. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Aliamini hakuna ugonjwa wa kompyuta usio na programu yake, kwa hiyo hakuona haja ya kuigusa mashine yenyewe.

Sasa ikaja Julai ya mwaka 2005, na kompyuta ya Ndeshi ikaanza kuzimika.

Ndeshi, Mama Oscar kama tulivyozoea kumwita, alikuwa na duka la kuchapa, la tatu kutoka kwenye gereji, na hiyo kompyuta ilikuwa moja, haina mwenzake. Wiki hiyo alikuwa anachapa utafiti wa Lesikar, mwanafunzi wa uchungaji pale Makumira. Kurasa tisini na sita, kwa mwandiko uliolala kama majani yaliyokanyagwa na mbuzi. Ulitakiwa chuoni Ijumaa saa sita mchana. Ukichelewa, Lesikar hahitimu Novemba, anasubiri mwaka mwingine, na kwao Oldonyosambu dume la sherehe lilikuwa limeshachaguliwa na kupewa jina. Kuhamia duka jingine haikuwezekana, maana wiki ile nusu ya Makumira ilikuwa inachapisha na kila duka lilikuwa na foleni.

Jumatatu mashine ikazimika mara nne. Paap! Kioo cheusi. Ndeshi akaiwasha, akaandika upya aya mbili zilizopotea, ikazimika tena. Akatuma mtu amwite fundi.

Jamaldini akaja, akavua flashi shingoni. "Hivi ni virusi, Mama Oscar. Nimeshaviona kwa kusikia tu."

Kweli, programu yake ikakamata virusi thelathini na saba, akavisoma kimoja kimoja kwa sauti kama anayeita mahudhurio. Mashine haikuzimika hata mara moja. Akaifunika vizuri, akaaga. Hakuwa amefika kwenye gereji, paap!

Jumanne akarudi na ya kufagia takataka. Ikafagia mpaka mashine ikawa nyepesi, inafungua barua kabla hujainua kidole. Saa nzima aliyokaa pale haikuzimika. Akaifunika, akaondoka. Dakika ishirini tu, mashine kimya.

"Fundi," Ndeshi akamwambia kwa simu, "hii mashine inakudekea wewe. Ukiwepo inapona. Sasa uhamie hapa?"

"Arafa hatakubali."

"Nitamwomba mimi. Lesikar amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, hata chai hanywi."

Jumatano Jamaldini akaja na programu ambayo, kwa maneno yake, alikuwa hajawahi kupata mgonjwa wa kuistahili. Ilikuwa inasoma joto la mashine ndani na kuandika namba pembeni mwa kioo. Alipoiweka alikuwa anacheka mwenyewe. "Naiweka ili tuondoe tu hofu. Julai hii? Mimi nimevaa makoti mawili. Joto litoke wapi?"

Namba ikasema hamsini na nne. "Umeona? Iko salama kabisa." Akachukua kitambaa kuifunika sipiyu, lile boksi lenyewe linalofanya kazi, maana fundi mstaarabu haachi kitu cha mtu wazi. Safari hii hakuondoka, kwa sababu Lesikar alimshika mkono. Wakakaa watatu wanatazama. Hamsini na tisa. Sitini na nne. Sabini na moja.

"Ina homa?" Lesikar akauliza.

Jamaldini alikuwa anatazama kitambaa.

Kile kitambaa, ndugu zangu, si cha kupita hivihivi. Kilifumwa kwa mkono na Bibi Anyesi, mama mkwe wa Ndeshi, kule Akheri, uzi wa kijani na mwekundu, na katikati maua manne. Kila nyumba ya maana ina vitambaa vya namna hiyo, kwenye redio, kwenye makochi, kwenye televisheni. Miaka miwili kilikuwa kinafunika juu tu. Lakini Juni Bibi alipoona vumbi la barabara ya Nairobi na baridi inavyouma, alikaa wiki mbili akakiongezea sketi, ikashuka pande zote nne mpaka mezani. Sketi nzuri, nzito, imebana. Feni ya sipiyu ikawa inapumua ndani ya blanketi.

Na Jamaldini alikuwa ameivua kila akija na kuivalisha kila akiondoka. Kwa adabu.

Alipoiondoa, namba ikashuka yenyewe hadi hamsini na tano. Ndeshi akacheka mpaka akafuta machozi. "Fundi! Programu arobaini zote hizo, kumbe uvue nguo tu?"

"Bila programu ungejuaje?" akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Siku hiyo kurasa zikaenda mbio, wakafika themanini. Alhamisi asubuhi zilikuwa zimebaki kumi na sita, kazi ya mpaka mchana, halafu kusahihisha na kuprinti. Lesikar akaanza kunywa chai.

Hapo ndipo Bibi Anyesi alipoingia, na chupa ya maziwa mkononi, akaona kitambaa chake kimekunjwa juu ya kiti.

"Mama Oscar. Kitambaa changu kimekosa nini?"

Ndeshi akasimama. Huyu ni mwanamke anayegombana na madereva wa malori mpaka wanarudi nyuma, lakini mbele ya mama mkwe wake sauti ilimwisha. "Hakijakosa kitu, mama. Fundi alikuwa anaangalia mashine."

"Ameshamaliza kuangalia?"

"Amemaliza, mama."

"Basi mvike. Baridi hii mnaacha kitu wazi."

Ndeshi akamvika. Jamaldini, aliyekuwa amesimama mlangoni, nami nikichungulia kwa nje nyuma yake, akaanza kusoma namba kwa kunong'ona. "Mama Oscar, sitini na nane."

"Naona."

"Sabini na tano."

"Fundi, naona!"

"Themanini na..."

Paap. Ukurasa wa themanini na tatu ukaenda na sentensi yake. Lesikar akaweka kikombe chini polepole, akafunika uso kwa mikono.

Ikabidi Jamaldini aseme, na kwa mara ya kwanza nikamwona hana la kupendekeza. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayevua vya watu?"

"Ni mimi, Bibi. Unajua, mle ndani kuna prosesa, sasa prosesa ikifanya kazi inatoa joto, halafu feni..."

"Unataka kusema kitambaa changu kimeharibu mashine ya mwanangu?"

"Hapana, Bibi! Kitambaa ni kizuri mno. Hata mimi nyumbani..." Akasita, akamtazama Lesikar pale kwenye benchi. "Bibi, ng'ombe wako akiwa na homa unajuaje?"

"Namshika sikio. Swali gani hilo?"

"Basi naomba umshike na huyu."

"Sikio lake liko wapi?"

Akamwongoza mkono mpaka nyuma ya sipiyu, chini ya sketi, pale feni inapotolea hewa. Bibi akaushusha mkono, na palepale akaurudisha.

"Yesu wangu! Anaungua! Mama Oscar, huyu anaungua na nyie mmemvalisha sweta!" Akaing'oa sketi kwa mikono yake mwenyewe. "Watu wazima watatu mmekaa hapa. Hata aliyesoma Makumira yupo! Hakuna wa kusema?"

Tukatazamana. Ninyi mngesema nini?

Ndeshi akaiwasha. Bibi akaona ile namba pembeni, akauliza ni ya nini. Jamaldini akamweleza ndiyo homa yenyewe: chini ya sitini ni mzima, ikipita sabini na tano ni hatari. Bibi, ambaye miaka mingi alipima maziwa kwenye ushirika wao, alikuwa anajua namba kuliko fundi. Akavuta stuli, akakaa mbele ya kioo.

Na hapo ndipo tulipopata tabu ya pili. Mashine ilikuwa imepona, lakini imepata mlezi. Ikifika sitini na moja tu: "Acha kuandika. Apumzike."

"Mama, sitini na moja si kitu."

"Nimesema apumzike. Hata maksai anapumzishwa."

Mpaka jioni walikuwa wameongeza kurasa tano tu, wakafika themanini na saba. Bibi akalala kwa Ndeshi, na Ijumaa saa moja asubuhi alikuwa ameshakaa kwenye stuli kabla duka halijafagiliwa. Kurasa tisa zimebaki, na Makumira ni mwendo. Jamaldini akajaribu ujanja. "Bibi, hii programu ya namba imeshamaliza kazi. Tuifunge, nayo inachosha mashine."

"Uifunge ili nisione?"

Lesikar ndiye aliyeokoa. Alitoka kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya Bibi kwa heshima ya kwao. "Bibi, saa sita ikipita mimi sitakuwa mchungaji mwaka huu. Wazee wangu wameshachagua hata dume la sherehe."

Bibi akamtazama, akatazama namba, akamtazama tena. "Na anayeungua akipepewa?"

Jamaldini akaruka kama aliyepigwa shoti. Akafungua mfuniko wa ubavuni, safari hii akahesabu skrubu, na Bibi akachukua jalada gumu la faili, akaanza kupepea. Anapepea na kusoma: "Hamsini na saba. Andika. Hamsini na sita. Andika, Mama Oscar, mbona unanitazama?" Jamaldini alipotaka kumpokea akamfukuza, akamwambia mkono wa fundi hauna mwendo. Saa nne na nusu printa ikatoa ukurasa wa mwisho. Lesikar akaondoka mbio na karatasi zingali na joto, bila hata kusahihisha jina la msimamizi wake lililokosa herufi.

Tukabaki tunaitazama simu ya Ndeshi mezani. Saa tano na dakika arobaini ikalia. Ndeshi akasikiliza, akasema, "Wamepokea," kisha akaegemeza kichwa kwenye kibodi, ikaandika mstari mzima wa herufi moja.

Bibi Anyesi akaweka jalada chini, akanyoosha mkono uliochoka, akaielekezea kidole ile flashi shingoni mwa Jamaldini.

"Na hizo nyingine humo zinafanya nini?"

Miaka yote ile, sijui kama kuna mtu Sakina aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa hiari yake. Jamaldini akavuta kiti.

"Fundi, tafadhali," Ndeshi akasema bila kuinua kichwa, "usimwanzie."

Lakini alikuwa ameshaanza.