Ufizi wa Mama na Vifuniko Namba Kumi na Moja

Niliondoka Moroni na begi dogo, nikamwambia mama mwenye nyumba nitarudi Jumapili. Mama yangu alikuwa mgonjwa Mutsamudu, kwetu, kisiwani Nzwani. Jino lilikuwa limemvimbisha shavu, na kwenye simu alisema maneno nusunusu. Mdomoni nilivaa vifuniko vyangu vya kunyooshea meno, namba kumi na moja. Vilivyobaki niliviacha chumbani ndani ya boksi.

Vilikuwa vya plastiki nyembamba, angavu, vilivyotengenezwa kwa kipimo cha meno yangu. Nilivianza Marseille nilipokuwa masomoni, kwa msaada wa kaka yangu. Meno yangu ya chini yalikuwa yamepandana kama watu wanaogombea mlango, na kila namba iliyasogeza kidogo kwa wiki mbili, kisha nikahamia inayofuata. Nilipomaliza masomo, daktari alinikabidhi vilivyobaki nirudi navyo nyumbani. Akaniasa nivivue wakati wa kula tu, nisiviweke penye joto, na nitunze ufizi. "Ufizi ukiharibika," alisema, "meno hayana pa kusimama."

Siku ya tatu tangu nifike, meli zilisimama. Wakubwa wa kisiwa chetu na wale wa Muungano wa visiwa, walioko Moroni, walikuwa wamevutana muda mrefu, na sasa kamba ilikatika. Nilikwenda bandarini nikawakuta wapakuzi wameketi, mikono mitupu.

"Rudi nyumbani, dada," mmoja aliniambia. "Leo hakuna cha kwenda wala cha kuja."

Jino la Mama liling'olewa hospitalini na uvimbe ukapungua. Lakini mtabibu aliniita kando. Ufizi wote ulikuwa mwekundu, umevimba, na meno mawili ya mbele yalitikisika. Nilipomuuliza Mama, alikiri kwamba alikuwa ameacha kupiga mswaki karibu mwaka mzima. Kila akisugua alitema damu, kwa hiyo aliona heri asiguse.

"Damu inatoka kwa sababu ya ukoga, Mama, huo uchafu unaoganda kwenye meno. Ukiuacha, ufizi unazidi kuoza."

"Nilikuzaa huna hata jino moja," akasema. "Leo unanifundisha meno?"

Hata hivyo aliniachia. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliketi uani, akalaza kichwa mapajani mwangu na kufumba macho. Nilipata dukani mswaki laini wa watoto. Nilisugua polepole pale jino linapokutana na ufizi, kisha nikapitisha uzi wa meno, kipande kifupi ili usiishe haraka. Alinishika kifundo cha mkono, si kunizuia, alishika tu. Tangu baba afariki sikuwahi kumwona akicheka bila kufunika mdomo kwa pindo la shiromani, nguo yake ya kujitanda. Sasa mdomo huo ulikuwa wazi mbele yangu, na niliona haya kama niliyeingia chumba cha mtu bila hodi.

Siku za kwanza maji ya chumvi aliyosukutulia yalitoka mekundu. Baadaye yakawa ya waridi. Siku moja alitema, akainama, akatazama.

"Njoo uone," aliniita. "Meupe!"

Upande wangu mambo hayakuwa mazuri. Simu za Moroni hazikushika, lakini kaka alimfikia daktari kule Marseille, naye akaagiza nisivue namba kumi na moja mpaka nipate inayofuata. Wiki zikawa miezi. Plastiki ilipauka, kisha kifuniko cha juu kikapasuka nyuma. Siku hiyo nililia jikoni, na nikaona aibu kulia. Madukani hakukuwa na mafuta wala mchele wa kutosha, wazazi walikuwa na hofu juu ya watoto wao, na mimi nalilia plastiki.

Mama aliniona. "Lia tu," alisema. "Mtu hulilia kinachomuuma yeye."

Asubuhi moja askari wa Muungano walishuka kisiwani. Tulisikia milio, tukalala chini sakafuni, Mama akiwa amenishika kichwa. Baada ya siku kadhaa hali ilitulia, na meli zikaanza tena.

Katika meli mojawapo ya kwanza alikuja mama mwenye nyumba wangu, bila taarifa. Ni Mngazidja, mtu wa kisiwa cha Moroni, muuza vitambaa wa soko la Volo Volo, na hakuwa amewahi kufika Nzwani maishani mwake. Alishuka bandarini akiwa amekumbatia boksi langu.

"Ulisema visipate joto," aliniambia. "Nikaviweka kwenye friji. Umeme ulipokatika nikavitia kwenye mfuko, nikavizamisha kwenye mtungi wa maji."

Nikamuuliza kama hakusumbuliwa. Alikiri alisumbuliwa. Majirani kadhaa walimshauri atoe vitu vyangu nje, ampangishe mtu asiye Mnzwani.

"Nikawajibu chumba kina mwenyewe."

Mama hakuelewa Kingazidja chake vizuri, ikabidi nimfafanulie. Alikwenda akamtwaa mgeni mikono yote miwili, wakakaa hivyo mkekani, chai ikapoa.

Namba kumi na mbili ilibana mpaka machozi yakanitoka, lakini ilikaa. Mgeni wetu alibaki siku tisa. Siku ya pili nilisikia kelele uani, nikachungulia. Mama alikuwa amemfungua mdomo mwenzake kuelekea mwangani, kidole hewani, akimweleza habari za ukoga kwa Kinzwani, naye akimjibu "Eee! Eee!" kwa mdomo uliopanuka.

Meno yangu yalinyooka mwaka uliofuata. Mama alipoteza mawili ya mbele, hayakuokoka. Mengine yote aliishi nayo, akala nayo muhogo na pweza, na akazikwa nayo.